Upande wa Pili wa Trekta

Morag Tulloch alikuwa na tabia moja iliyotukera sote tunaofuga kando ya Kijito cha Blackford, na mimi ilinikera kuliko wote. Kila alipobadilisha kifaa kwenye mikono ya mbele ya trekta yake, akaondoa kijiko cha kuchotea udongo na kutia meno ya kubebea marobota ya nyasi, au akaondoa meno na kutia kijiko, alizima injini na kushuka. Aliangalia pini ya kushoto. Kisha alizunguka mbele ya trekta, polepole, kama mama mkwe anayekagua jiko la mkwewe, akainama upande wa kulia na kuangalia pini ya pili. Akishamaliza alipanda tena, akakiinamisha kifaa na kukikandamiza ardhini mpaka magurudumu ya mbele yakakaribia kunyanyuka. Ndipo kazi ilipoanza. Mvua inyeshe, watu wasubiri, ng'ombe walie njaa, Morag yuko chini anainama.

Kwenye trekta zetu hendeli ya kufungia iko kushoto. Ukikidaka kifaa kwa juu na kukivuta nyuma, hendeli inaachia yenyewe, na springi inazisukuma pini mbili kwa pamoja, moja huku na moja kule, kila moja ipite kwenye tundu lake. Unasikia "tak". Sisi wengine tukisikia tak tunaondoka. Ya nini kujichosha?

"Mama Pini!" jirani yetu Neville Strang alikuwa akimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Umezikuta bado zipo?"

"Zipo, Nev. Zimekuulizia. Zinashangaa kwamba bado una vidole vyote."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana, miaka nenda miaka rudi.

Morag hakuzaliwa shambani. Baba yake alikuwa fundi viatu mjini Invercargill, na alipoolewa na Lachie Tulloch hakujua ng'ombe anaanzia wapi na anaishia wapi. Lachie ndiye aliyemfundisha trekta. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaendesha vizuri kumshinda mwalimu, na Lachie alitangaza jambo hilo kwenye ukumbi wa kijiji kana kwamba ni yeye aliyeshinda. Mwanamke mfupi, mabega mapana, kofia ya sufu kiangazi na kipupwe. Mikono yake ilikuwa ya ajabu kwenye usukani lakini jikoni ilikuwa balaa. Tulipokutana ukumbini kukunja mikate ya jibini, ile ambayo sisi watu wa Southland hatuwezi kufanya mkutano bila hiyo, yake ndiyo iliyobaki kwenye sinia. Hakujali. Alikuwa anaibeba kurudi nyumbani, na Lachie anaila.

Kisha kijiko kikamwangukia Lachie.

Morag ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Lachie alikuwa mbele, anatengeneza nguzo ya geti, na kijiko kimenyanyuliwa juu yake kikiwa na kokoto. Kilichomoka upande mmoja, kikageuka, kikashuka. Madaktari walimkata mguu chini ya goti. Mtu aliyekuja kukagua trekta alisema springi ilikuwa imechoka, na sisi sote tukaafiki kwamba ni springi. Morag hakusema lolote. Huku kwetu mtu akipatwa na msiba tunampelekea pai ya nyama ya kondoo, tunaiweka mlangoni, tunaondoka kabla hajaanza kulia. Mlango wa Tulloch ulijaa pai, na hakuna hata mmoja wetu aliyeketi na yule mama na kumuuliza anaendeleaje. Nikikumbuka hilo naona aibu kwa niaba ya kijiji kizima.

Springi mpya ilitiwa. Tabia ya kushuka na kuzunguka ilianza hapo. Na Lachie, aliyekuwa mtu wa kuwa kila mahali, alijifungia kwenye banda la kukamulia maziwa. Mguu wa bandia ulimfaa vizuri kabisa, alitembea, alipanda ngazi, hata ngoma alicheza. Lakini hakuonekana tena akisimama mbele ya ile trekta, iwe imezimwa au inanguruma.

Sasa nieleze habari ya waya, maana bila waya hakuna kisa.

Sisi tunaamini hakuna kitu duniani kisichotengenezeka kwa waya namba nane, ule wa kujengea ua. Geti likianguka, waya. Mlango wa gari ukigoma, waya. Ni fahari yetu, na watoto wetu wanalelewa nayo. Nev Strang alikuwa mfalme wa waya. Miwani yake ilishikiliwa na waya. Na Nev alikuwa amekiazima kijiko cha Morag, kwa sababu chake kilikuwa kimetoboka. Trekta yake ilikuwa kuukuu, pini zake nyembamba, kwa hiyo kijiko kilicheza na kugonga-gonga njia nzima. Akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alikirudisha asubuhi moja ya masika yetu, wakati ng'ombe wanazaa, akakiacha kwenye majani karibu na geti la barabarani, juu tu ya mtaro unaotenganisha mashamba yao. Hakusema kitu. Angesema nini? Alijiona amekiboresha.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo. Mchana wa siku ile Nev aliniita nikamsaidie kuzibua kalavati inayopita chini ya njia yetu. Ilikuwa imezibwa na matawi, na maji yalikuwa yanajaa kwenye mtaro. Mimi nilibaki ukingoni, yeye akaingia. Nilimwambia atumie ndoano ndefu. Akaniambia, "Wattie, we kaa hapo upige picha." Akavuta tawi. Ukingo ulikuwa umelowa mpaka moyoni, na bomba kubwa la zege lililokuwa limelala juu yake, ambalo Nev alikuwa akisema kila mwaka atalifukia, likateleza pamoja na udongo na kumlalia mguuni.

Alipiga kelele moja tu. Niliruka. Nilimkuta ameketi kwenye maji, mgongo ukutani mwa mtaro, maji kifuani. Nilisukuma lile bomba mpaka nikaona nyota. Halikutikisika. Na kalavati bado imeziba, na maji yanaendelea kuja.

Nilipiga simu zimamoto wetu wa kujitolea. Walisema daraja limefunikwa na maji, watazungukia vilimani. Trekta ya Nev ilikuwa ng'ambo ya pili imezama. Nikampigia Morag.

Walikuja kwa kasi, Morag kwenye trekta na Lachie nyuma yake kwenye gari. Mbele ya trekta kulikuwa na meno ya marobota, maana walikuwa wanalisha. Morag alichungulia mtaroni, akanitazama, akamtazama Nev.

"Uko hai, Nev?"

"Kwa sasa."

"Meno hayafai," akamwambia Lachie. "Mnyororo utateleza. Nataka ndoano iliyo kwenye kijiko."

Alikuwa sahihi. Alirudi nyuma, akayabwaga meno kwenye majani, akageukia kijiko kilicholala pale getini, hatua chache kutoka tulipokuwa. Akakidaka kwa juu, akakivuta nyuma. Tulisikia tak.

"Njoo! Njoo!" nikapiga kelele. Maji yalikuwa mabegani mwa Nev. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, nimemshika kwapani, na baridi ilishaniingia mpaka kwenye meno.

Injini ikazimwa.

Sikuamini. Alishuka upande wa kushoto, akaangalia pini.

"Morag, wacha upuuzi!" nikamwambia. "Mtu anakufa huku!"

"We mwanamke!" Nev naye akanguruma. "Leo si siku ya kukagua! Lete hilo dude!"

Pini ya kushoto ilikuwa imeingia. Niliona kwa jinsi alivyoitikia kwa kichwa. Upande wa kulia wa trekta ulikuwa huku kwetu, ukingoni kabisa, ambako majani yalikuwa chini ya maji na udongo unamomonyoka. Ili kuona pini ya pili ilibidi apite hapo. Alisimama. Alitutazama. Nev alikuwa analia sasa, analia na kutukana kwa pamoja. Kisha nikamwona Morag akigeuka na kuweka mguu kwenye ngazi ya trekta ili apande. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

"Upande wa pili, Mo."

Lachie ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama kando ya gari na mnyororo begani, na alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Morag alibaki na mguu kwenye ngazi. Akamgeukia mumewe, na uso wake ulinitisha kuliko maji. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa.

Kisha akashusha mguu na kuja kuzunguka.

Alipita mbele ya kijiko, gambuti zikazama matopeni, akashikilia ukingo wa chuma asitumbukie juu yetu. Akainama. Akakaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu. Alipoinuka alikuwa ametoa plaizi mfukoni.

"Haijaingia," akasema.

"Nini haijaingia?"

Alielekeza plaizi kwenye tundu. Pini ya kulia ilikuwa imefika mlangoni mwa tundu lake na kukwama hapo. Ndani ya tundu kulikuwa na waya namba nane, umezungushwa vizuri, duara juu ya duara, kazi ya fundi. Kwa pini nyembamba za Nev waya ule ulikuwa umemaliza kelele. Pini nene ya Morag ilikuwa imegota. Ukiwa kwenye kiti ungeona hendeli iko karibu kabisa na mahali pake, na tak uliisikia, na ungenyanyua.

Alikata kipande, akakivuta, akakiinua juu tukione.

"Nev! Hii nini?"

Maji yalikuwa kidevuni mwa Nev. Alikitazama kile kipande.

"Kilikuwa kinagonga-gonga," akasema.

Ningelikuwa na mkono wa tatu ningelimzaba kofi pale pale majini.

Morag alivuta hendeli kuzirudisha pini, akapanda akakiachia kijiko, akashuka, akaanza kuung'oa ule waya. Ulitoka kwa vipande. Aliuvuta, akauchokonoa kwa bisibisi, akauvuta tena, na damu ya vidole vyake ilikuwa inadondoka kwenye chuma. Hakutukana hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa namtukana, yeye na waya na Nev na bomba na aliyebuni trekta. Niliogopa, sioni haya kusema. Nev alikuwa ameacha kupiga kelele.

"Wattie," akasema, "umwambie Shona..."

"Mkeo utamwambia mwenyewe."

"Mwambie kwamba..."

"Nev, funga mdomo, maji yataingia."

Nilimwinua kidevu kadiri shingo yake ilivyoweza. Morag akapanda na kukidaka kijiko tena, na juu yetu nilisikia tak ya pili. Nilidhani sasa basi. Lakini Morag alizima tena. Akashuka tena. Akaangalia kushoto, akazunguka matopeni, akaangalia kulia, akaigusa ile pini kwa kidole ilipotokeza ng'ambo ya tundu. Akarudi, akapanda, akakikandamiza kijiko ardhini, magurudumu ya mbele yakanyanyuka kidogo, yakashuka. Nilimchukia. Nasema kweli, wakati ule nilimchukia kwa moyo wangu wote, huku nikijua kwamba kile kijiko kinakuja kusimama juu ya kichwa changu.

Kisha kikaja. Kilisimama juu yetu, cheusi, kinachuruza maji, na ndoano inaning'inia. Mtu alihitajika kushuka na kuupitisha mnyororo kwenye bomba. Mimi nisingeweza kumwachia Nev. Morag alikuwa kwenye usukani.

Lachie akashuka.

Alikalia ukingo, akatanguliza mguu wa bandia, akateleza mpaka majini. Aliingia chini ya kijiko, chini kabisa, mgongo wake ukikigusa, na hakutazama juu hata mara moja. Alizamisha kichwa. Alipoibuka mnyororo ulikuwa umezunguka bomba. Akaufunga kwenye ndoano, akavuta mara mbili kuujaribu, akainua mkono.

"Taratibu, Mo."

Mnyororo ulikaza. Nilisikia chuma kikilia juu yangu nikafumba macho. Kisha Nev akapiga yowe kali, na mwili wake ukawa mwepesi mikononi mwangu. Tulimvuta, mimi na Lachie, kama ndama anayezaliwa vibaya, tukamlaza kwenye majani. Ndipo Morag akalishusha bomba mbali na sisi, akashusha kijiko ardhini, akazima. Hakushuka kwa muda. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye usukani.

Nev alipona. Mguu wake ulivunjika sehemu kadhaa, na mpaka leo akitembea unamsikia kabla hujamwona. Hakuwahi kumwambia Morag asante, maana sisi hatuambiani hivyo. Lakini siku ya kwanza aliyorudi kwenye trekta yake nilikuwa uani kwake. Aliweka kifaa, akashuka kwa magongo, akazunguka mbele huku akilaani kila hatua, akainama upande wa kulia. Aliponiona namtazama akasema, "Na wewe unacheka nini?" Sikuwa nacheka.

Lakini nataka kurudi kwenye jioni ile ile, baada ya gari la wagonjwa kuondoka.

Morag alinichukua kwao nikauke. Nilikaa mbele ya jiko la makaa, nimevaa suruali ya Lachie, na kwenye meza kulikuwa na mikate ya jibini ya Morag, imeungua pembeni kama kawaida yake. Niliila. Siku hiyo ningelikula hata makaa. Lachie alikuwa amevua mguu wa bandia na kuuegemeza kwenye jiko ukauke. Morag alimimina chai, akaiweka birika chini.

"Ulijua," akamwambia mumewe.

Lachie alikuwa anatafuna.

"Siku ile, Lachie. Ulijua kwamba sikuzunguka."

Nilitaka kuondoka. Lakini suruali yangu ilikuwa juu ya jiko, inachuruza maji, na mtu hawezi kuaga na suruali ya mwenyeji.

"Nilikuwa getini," Lachie akasema. "Nilikuona umeshuka kushoto, ukaangalia, ukapanda. Kulikuwa na baridi kali."

"Wakasema springi."

"Na springi nayo ilikuwa imechoka."

"Miaka yote hii nimekaa na wewe, nakula na wewe, nalala na wewe, nikidhani hujui. Kwa nini hukusema?"

"Ungeacha kuendesha," Lachie akasema. "Nakujua. Ungeziweka funguo mezani na usiziguse tena mpaka tunakufa."

Morag alilia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa sauti, mdomo wazi, kofia ya sufu imemteremka usoni, na mimi nikautazama moto kwa bidii sana. Lachie alinyoosha mkono, akairudisha ile kofia mahali pake.

Alipotulia kidogo akajifuta uso kwa mkono wenye vidonda.

"Na leo?" akauliza. "Mbele ya ile trekta huji. Leo umeingiaje chini ya kijiko, bila hata kutazama juu?"

Lachie alichukua mkate mwingine, akaugeuza kutafuta upande ambao haujaungua.

"Nilikuona umezunguka," akasema.